Shemeji na Treni ya Saa Nne Usiku

Natumaini mshahara umeingia, na kama bado, basi angalau jarida lako umelipata. Mwezi huu naomba tuzungumzie wivu. Siyo ule wa namba ngeni kwenye simu, wala ule wa harufu ya manukato kwenye kola ya shati. Huu ni wivu wa treni.

Dada mmoja ameniandikia. Ana miaka 29, anafanya kazi benki, na ndoa yake iko mwaka wa pili. Anasema mumewe ni mtu mzuri tu: hanywi, hachelewi kurudi, nyumba inaendeshwa vizuri. Kazi yake ni mauzo, na simu za wateja zinamfuata mpaka mezani wakati wa chakula. Tatizo linaanza saa nne usiku. Vyombo vikishaoshwa na taarifa ya habari ikiisha, shemeji yetu anavaa hedifoni, anawasha kompyuta na kuendesha treni ya Ujerumani kutoka Köln kwenda Aachen. Hakuna kufukuzana na polisi, hakuna risasi, hakuna mpira. Ni treni tu. Inasimama stesheni, anafungua milango, anasubiri, anafunga, anaondoka.

"Dada mhariri," anauliza, "hivi kweli mtu mzima anaweza kulipenda gemu la namna hii, au kuna kitu ananificha? Na atalichoka lini?"

Nilicheka. Halafu nikafika mistari ya mwisho, nikaacha kucheka. Anasema siku nyingi analala peke yake, na kwamba angekuwa mwanamke mwenzake angalau angejua pa kuanzia. Mtu akishafikia kutamani mume wake awe na nyumba ndogo badala ya kompyuta, jamani, hilo siyo jambo la kutania.

Nikaona nisijibu kwa kubahatisha. Mdogo wangu akaniwekea gemu lenyewe kwenye kompyuta, nami nikawa dereva kwa wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyaona.

GEMU LISILO NA ADUI

Kwanza ieleweke kwamba shemeji hayuko peke yake. Wajapani walianza zamani. Kampuni ya Taito ilitoa gemu la Densha de Go! mwaka 1996 kwa ajili ya kumbi za michezo, na mwaka uliofuata likaingia kwenye PlayStation. Unapata alama kwa kufika kwa wakati na kusimamisha treni pale pale panapotakiwa. Ukichelewa sekunde kadhaa, au ukipitiliza kidogo, alama zinakatwa.

Mwaka 2001 Microsoft wakatoa Train Simulator, iliyotengenezwa na kampuni ya Kiingereza iitwayo Kuju. Ilikuwa na njia sita za kweli: moja Uingereza, moja Austria, mbili Marekani na mbili Japani. Mwaka huo huo kampuni ya Auran ya Brisbane, Australia, ikaleta Trainz, ambayo ilimruhusu mchezaji kujenga reli yake mwenyewe na kuwagawia wenzake. Siku hizi jina linalosikika zaidi ni Train Sim World, la kampuni ya Kiingereza ya Dovetail Games, lililoanza mwaka 2017. Njia ya Köln na Aachen ya shemeji yetu inatoka humo.

Kote huko hakuna adui, hakuna hazina wala binti mfalme wa kuokolewa. Usukani wenyewe haupo, maana reli imeshaamua unakwenda wapi. Kazi yako ni mbili tu: mwendo na breki. Sasa ukiniuliza mtu anashikwa na nini hapo, swali lako lina haki kabisa.

USIKU WA KWANZA UNABOA

Niseme ukweli, usiku wa kwanza linaboa, tena ile mbaya. Dakika ishirini nzima unatazama nyasi. Kuna miti, kuna nguzo za umeme, kuna mvua kidogo, basi. Hata kuondoka stesheni ni shughuli. Ukikalia kiti ukadhani utabonyeza kitufe kimoja na kwenda, utakaa hapo mpaka abiria wazeeke. Kuna swichi za kuwashwa, kuna milango, kuna mkono wa kuchagua mbele au nyuma, na kuna breki ya kuachiliwa kwanza.

Nadhani watu wengi huishia hapo, wakafunga kompyuta na kwenda kusema gemu halina maana. Na kwa upande wao halina. Kama burudani yako ni mambo ya haraka, ushinde au ushindwe ndani ya dakika tano, gemu hili litakulaza usingizi. Usijilazimishe, wala usijione mshamba.

Ila ukivumilia mpaka usiku wa tatu hivi, kuna kitu kinabadilika. Unagundua kwamba kumbe kwenda siyo gemu. Gemu ni kusimama.

BREKI NDIYO YENYEWE

Hebu fikiria. Gari lako lina matairi ya mpira juu ya lami, ukikanyaga breki linashika. Treni ni chuma juu ya chuma, na nyuma yako kuna mamia ya tani zinazotaka kuendelea na safari. Kwenye njia kuu za Ujerumani zinazokwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, taa ya tahadhari kwa kawaida huwekwa mita 1000 kabla ya taa kuu. Kilomita nzima, ili dereva awe na nafasi ya kusimama! Kwa mwendo wa zaidi ya hapo dereva hategemei tena taa za pembeni, anapewa maelekezo ndani ya chumba chake. Kati ya Köln na Düren treni za kasi zinafika kilomita 250 kwa saa.

Kwa hiyo ukitaka kusimama vizuri, unaanza kufikiria stesheni kabla hujaiona. Unavuta breki kidogo, unasubiri, unahisi uzito, unaachia kidogo. Ukizidisha, unasimama njiani kama umeharibikiwa. Ukipunguza, unapitiliza jukwaa, na abiria wa mabehewa ya mbele watashukia majani. Siku unayosimama taratibu, mlango ukiwa pale unapotakiwa na saa ikisoma dakika ile ile ya ratiba, yaani unatabasamu peke yako kama umepokea ujumbe wa mpenzi.

Halafu kuna ulinzi wa usingizi. Treni za Ujerumani zina pedali inayoitwa Sifa. Unaikanyaga, na ndani ya kila sekunde 30 hivi ni lazima uiachie kidogo na kuikanyaga tena, ili mashine ijue kwamba bado uko macho. Ukisahau, taa inawaka. Ukiendelea kusahau, inapiga kelele. Ukikaidi, treni inajifunga breki yenyewe. Kuna na mtambo mwingine, PZB. Ukipita taa ya tahadhari, una sekunde 4 tu za kubonyeza kitufe kusema "nimeiona". Kwa mwendo wa kilomita 160, sekunde hizo nne ni karibu mita 180 za reli. Usipobonyeza, breki ya dharura.

Vitu hivi havikubuniwa kuchangamsha gemu. Ni vifaa vya kweli, vilivyowekwa ili uzembe wa mtu mmoja usiue watu mia tatu. Na nadhani ndiyo maana vinamshika mchezaji. Vinamwambia kwamba umakini wake una thamani.

MBONA HAWACHOKI?

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitoa mwaka 1990 kitabu kiitwacho Flow, kuhusu ile hali ya mtu kuzama kwenye jambo mpaka akasahau saa. Alieleza kwamba hali hiyo huja pale lengo linapoeleweka, matokeo yanapoonekana papo hapo, na ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wako. Sasa iangalie treni. Lengo: fika Düren saa fulani. Matokeo: umefika au umechelewa. Ugumu: ukizoea treni moja, kuna nyingine nzito zaidi, kuna ukungu, kuna reli zenye utelezi, kuna mlima.

Kisha mlinganishe na kazi zetu za ofisini. Ripoti inarudishwa mara tatu. Mteja anasema "nitakujulisha" na hakujulishi. Malengo ya mwezi yakitimia, mwezi ujao yanapandishwa. Hakuna mahali pa kusema nimefika, milango imefunguka, watu wameshuka salama. Jamaa wa mauzo, ambaye siku nzima anapigiwa simu zisizo na mwisho, anakaa saa nne usiku apate saa moja yenye mwanzo, njia, na mwisho. Dada yangu, hicho ndicho nadhani mumeo anakitafuta huko Aachen. Hajifichi na mtu. Anataka kitu kimoja tu kwa siku kiishe vizuri.

Na wanaoshikwa, wanashikwa kweli kweli. Microsoft walijaribu kutengeneza toleo la pili la gemu lao, na mara ya mwisho mradi ulikufa mwaka 2009 walipoifunga studio iliyokuwa ikilitengeneza. Gemu lingine lingezikwa hapo. Lakini wapenzi wake walitengeneza programu ya bure iitwayo Open Rails, inayosoma njia na treni zile zile za gemu la 2001, na bado watu wanaitumia. Wengi wao raha yao imeshahama kutoka kuendesha hadi kujenga. Mtu anakaa miezi akichora stesheni moja, nguzo kwa nguzo, ifanane na ile ya utotoni kwake.

Kuna jambo lilinigusa hapo. Moja ya njia mbili za Japani kwenye gemu lile ni ya Hisatsu, kisiwani Kyushu, inayopanda milima kwa kuzunguka kama konokono na kwenda mbele na nyuma pale Okoba. Mafuriko ya Julai 2020 yaliiharibu vibaya njia hiyo, na treni zikasimama. Ndani ya kompyuta za watu, treni ya Hisatsu bado inapanda mlima. Wewe unaweza kuuita utoto. Kwa mzee aliyekuwa akiipanda kwenda shule, sidhani kama ni utoto.

Hata mastaa wamo. Rod Stewart, yule mwanamuziki wa Uingereza, alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji mzima wa treni ndogo nyumbani kwake, na akiwa kwenye ziara za muziki aliomba chumba cha ziada hotelini cha kufanyia kazi hiyo. Na mwaka 2009 televisheni ya taifa ya Norway ilirusha safari ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, kamera ikiwa imefungwa mbele ya treni. Zaidi ya watu milioni moja walitazama angalau sehemu yake, kwenye nchi ambayo wakati ule haikufika hata watu milioni tano.

Basi jibu la swali la pili, "atalichoka lini", ni hili: yule anayetafuta msisimko atalichoka ndani ya wiki. Yule anayetafuta utulivu na kazi safi anaweza asilichoke kabisa. Kwa maelezo ya barua yako, shemeji ni wa kundi la pili. Kwa hiyo usikae ukisubiri achoke. Mpange.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Moja, hesabu safari, siyo saa. Hapa treni ina faida kuliko magemu mengine yote. Mpira una "mechi moja tu ya mwisho" ambayo haishi. Treni ina ratiba. Safari inajulikana inaanzia wapi, inaishia wapi na inachukua dakika ngapi. Kaeni mkubaliane: jioni fulani safari moja, ikifika Aachen kompyuta inazimwa. Jioni nyingine hakuna treni, ni zenu wawili. Mtu anayependa ratiba kiasi hicho hawezi kukataa kuwekewa ratiba.

Mbili, panda naye mara moja. Vuta kiti, mwambie akueleze Sifa ni nini na kwa nini anavunja breki mapema. Usiende kama polisi. Huna haja ya kulipenda, lakini ukielewa anachokifanya, hasira itapungua, na yeye ataacha kuvaa hedifoni kama ngao. Na mkitaka kwenda mbali zaidi, kuna gemu la Kipolandi, SimRail, lililoanza kuuzwa mwaka 2023, ambalo mchezaji mmoja anaendesha treni na mwingine anaongoza taa na njia kutoka stesheni. Hebu fikiria raha ya kumwekea mumeo taa nyekundu mpaka aombe.

Tatu, angalieni pesa. Gemu lenyewe si tatizo sana, tatizo ni nyongeza. Kila njia mpya inauzwa peke yake, na nyingi ni kati ya dola 30 na 40. Treni zipo, nchi zipo, na mamia ya nyongeza yapo. Mwenye kukusanya kila kitu anaweza kumaliza maelfu ya dola bila kusikia. Ziwe kwenye bajeti, mahali pamoja na saluni yako na vikoba vyako.

Nne, jua mpaka wa starehe na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutambua ugonjwa wa magemu. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea hata pale madhara yanapoonekana wazi, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kama anakosa kazini, hali, halali, au anasema uongo kuhusu pesa, hiyo siyo treni tena, tafuteni mshauri. Kama anaamka saa kumi na mbili, anakwenda kazini na anakuletea mkate jioni, basi huyo ana starehe yake tu. Starehe yaweza kukera bila kuwa ugonjwa.

Tano, mtoe nje. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma, na mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, ule ule niliowaambia wa mita 1000. Wasomaji wetu wa Kenya wana ya Mombasa na Nairobi tangu 2017. Kateni tiketi ya wikiendi. Utashangaa huyo mtu aliyekuwa kimya sebuleni atakavyoongea njia nzima: pale anavuta breki, pale kuna kona, sikiliza honi. Wewe mshike mkono na umwache aongee.

NENO KWA SHEMEJI

Kaka, najua jarida hili huwa unalisoma kwa siri, kwa hiyo nisikilize. Sikuja kukuvua kofia ya udereva. Nimeendesha, nimeonja utamu wake, na ukiniambia unapumzika nakuamini.

Lakini hebu tuongee kidereva. Ukipita taa ya tahadhari unajibu ndani ya sekunde nne, hata kama umechoka, hata kama uko karibu na Stolberg na unachelewa. Kila nusu dakika unaachia pedali kuihakikishia mashine kwamba uko macho. Sasa mkeo anapokuita kutoka chumbani, unajibu baada ya muda gani? Yeye hana king'ora wala breki ya dharura ya kukusimamisha. Alichonacho ni kulala akiwa ameangalia ukutani, na barua aliyoniandikia mimi badala ya kukuambia wewe. Hiyo barua, kaka, ndiyo taa yako ya tahadhari. Imewekwa mapema ili uwe na nafasi ya kusimama vizuri.

Na wewe dada, usimzimie kompyuta katikati ya safari. Subiri afike, mwambie hongera kwa kufika kwa wakati, kisha mwambie ulichoniambia mimi: kwamba unamkosa. Mwambie hivyo hivyo, bila kuzunguka na bila kuitukana treni.

Wengine wenye wivu wa vitu visivyo na damu, iwe treni, mpira, bustani au simu, niandikieni. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.